Dohani, Baraza na Kioo: Safari ya Kutazama Nyumba za Marekani kutoka Lowell hadi Mill Run

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa nyumba za kuishi mjini Morogoro, na kwa miaka ya karibuni wateja wengi huja wakiwa na picha ya nyumba ya Kimarekani katika simu zao: paa lenye mwinuko mkali, vibao vya mbao pembeni mwa madirisha, dohani ya mawe, na ndani ukumbi mmoja mkubwa uliounganishwa na jiko. Wanataka mambo ya kale na ya kisasa kwa pamoja, na mara nyingi hawawezi kunieleza kila kimoja kina kazi gani. Nilipopata nafasi ya kwenda kumsalimu dada yangu jimboni Massachusetts mwezi wa Oktoba, nilipanga kuongeza wiki moja ya kuzitazama nyumba hizo pale zilipoota. Haya yameandikwa baada ya kurudi, kutokana na daftari langu, risiti na picha.

Ijumaa: Lowell

Lowell ni mji wa viwanda vya nguo uliojengwa katika karne ya 19 kando ya mto Merrimack, na leo una Wakenya wengi kiasi kwamba ukisimama kwenye foleni ya duka la vyakula unaweza kusikia Kiswahili kabla hujafika kwa mwenye duka. Dada anaishi ghorofa ya pili ya nyumba ya mbao yenye ghorofa tatu, familia moja kila ghorofa, na kila ghorofa ina baraza yake juu ya baraza ya chini. Nyumba za namna hii zilijengwa kwa wingi katika miji ya viwanda ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kati ya miaka ya 1880 na 1930 hivi, kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakimiminika kutoka Ulaya na Kanada. Sikuwa nimezipangia chochote katika ratiba yangu, lakini nilizitazama zaidi kuliko nilivyotarajia.

Mwenye nyumba ameifunika mbao yote ya nje kwa plastiki ya vinili iliyotengenezwa ifanane na mbao, akabadilisha madirisha, na kufunga pampu za joto ambazo mashine zake za nje zimewekwa barazani. Mwenyeji wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa Kiambu, alicheka nilipomwamkia shikamoo, akasema hakuisikia tangu alipotoka Mombasa kikazi, kisha akatuletea chapati na maharage akisema, “Mwanangu, usiende kutazama nyumba za matajiri ukiwa na njaa.” Alinionyesha kwamba baraza ndiyo inayookoa bili ya umeme mwezi wa Julai: mlango wa mbele na wa nyuma vikifunguliwa, upepo hupita nyumba nzima. Mashine mpya ilipowekwa, nafasi ya kiti chake ikapungua, naye bado hajaikubali hasara hiyo.

Jumamosi: Dedham

Kwa wanaokuja baadaye: treni za mikoani za eneo la Boston huuza tiketi ya mwisho wa wiki kwa dola 10, nayo hukuruhusu kupanda mara utakazo Jumamosi na Jumapili. Kumbukeni pia kwamba stesheni ya kaskazini na stesheni ya kusini za Boston hazijaunganishwa kwa reli hizo. Mtu atokaye Lowell hushuka North Station, kisha huchukua treni ya chini ya ardhi ya mstari wa rangi ya chungwa hadi Back Bay, ambako treni za kusini pia husimama.

Nilishuka kituo cha Endicott na kutembea hadi nyumba ya Fairbanks. Ilijengwa kati ya mwaka 1637 na 1641 hivi, na uchunguzi wa pete za miti iliyotumika umeithibitisha kuwa nyumba ya fremu ya mbao yenye umri mkubwa kuliko zote zilizosalia Amerika ya Kaskazini. Vizazi vinane vya ukoo mmoja viliishi humo, na chama cha ukoo huo ndicho kinachoitunza hadi leo. Paa lake limelegea katikati kiasi cha kumfanya msimamizi wa ujenzi ashike kiuno, lakini fremu ya mwaloni iliyo chini yake bado imesimama.

Nilikaa kwa muda mrefu mbele ya dohani. Imewekwa katikati ya nyumba, na sababu yake ni baridi: joto la matofali husambaa vyumbani pande zote badala ya kupotea nje kupitia ukuta wa mwisho. Katika majimbo ya kusini, kwenye joto, mila ikawa kinyume chake, dohani zikasukumwa hadi kwenye kuta za nje. Nyuma ya nyumba, paa limeongezwa kwa mteremko mrefu unaoshuka karibu na ardhi, ili kufunika vyumba vilivyoongezwa familia ilipokua. Umbo hilo lenye ukuta mrefu mbele na mfupi nyuma limenakiliwa kote Marekani, nami nimeliona hata kwenye mchoro alionipa mteja mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro, ambaye hana haja ya kuhifadhi joto wala hana vyumba vya kuongeza.

Mzee aliyekuwa akiongoza wageni alipojua kazi yangu, aliniita nyuma ya kamba nipige picha ya maungio ya mbao, yale ya ulimi na tundu yaliyofungwa kwa misumari ya mti. Alikataa bahasha niliyotaka kumpa, akasema niiweke kwenye kisanduku cha matengenezo ya paa.

Jumapili: Lincoln

Mpwa wangu, ambaye ni fundi seremala wa nyumba, aliniendesha kutoka Lowell hadi Lincoln, maili ishirini hivi za barabara nyembamba kati ya misitu ambamo kuta za mawe zimezagaa bila kuzunguka kitu chochote. Hizo ni kuta za mashamba ya zamani. Barafu ya kale iliacha mawe ardhini, wakulima wakayatoa ili walime, wakayapanga mipakani, kisha mashamba yakaachwa na miti ikarudi.

Nyumba ya Walter Gropius imekaa juu ya kilima kidogo katika barabara ya Baker Bridge. Gropius alikuwa msanifu majengo na mwanzilishi wa Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu nchini Ujerumani. Aliondoka huko mwaka 1934 baada ya Wanazi kushika madaraka, akapitia Uingereza, na mwaka 1937 akafika Massachusetts kufundisha Harvard. Hakuwa na fedha za kujenga. Tajiri mmoja mfadhili, Helen Storrow, alimpa kiwanja katika ardhi yake na kugharamia ujenzi, naye Gropius akakaa kama mpangaji kabla ya kuinunua. Storrow aliwapa wasanifu wengine nafasi kama hiyo, akiwemo Marcel Breuer, ambaye nyumba yake iko jirani na bado ni ya watu binafsi, kwa hiyo haitembelewi. Nyumba ya Gropius ilikamilika mwaka 1938. Mjane wake, Ise, aliikabidhi kwa shirika la Historic New England mwaka 1974, na kuanzia 1985 imekuwa wazi kwa wageni.

Ukiitazama kwa mbali ni sanduku jeupe lenye paa bapa na madirisha marefu ya ulalo, jambo ambalo mwaka 1938 lilikuwa la ajabu katika kijiji cha makanisa meupe. Ukisogea karibu, unaona kwamba karibu kila kitu kilichojengwa kwacho kingeweza kununuliwa katika duka la vifaa la mji ule. Fremu ni ya mbao, kama ya majirani zake. Msingi ni wa mawe ya shambani, dohani ni ya matofali, na kuta ni za mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Tofauti ni kwamba mbao hizo, ambazo majirani huzilaza ili maji yateremke juu yake, Gropius alizisimamisha wima. Zile nyembamba zinazopandana alizileta ndani, akazisimamisha wima pia katika ukumbi wa kuingilia, mahali ambapo mvua haifiki, na ambapo kivuli cha kila kiungio hufanya kazi ya pambo. Kwenye mlango kuna ukuta wa matofali ya kioo, na ngazi ya ndani ina reli ya chuma inayong'aa. Nje kuna ngazi ya chuma ya kuzunguka, iliyompeleka binti yake chumbani kwake bila kupita sebuleni.

Baraza ndiyo iliyonishika zaidi. New England ina mbu wakali wa kiangazi, na watu wa huko walishazoea baraza zilizozungushiwa wavu, lakini kwa kawaida huwekwa kwenye uso wa nyumba, zikatia giza vyumba vilivyo nyuma yake. Gropius aliitoa baraza yake nje, ikasimama kwa pembe mraba na nyumba, ili ipate upepo kutoka pande zake zote na isizuie mwanga wa sebule. Upenu wa upande wa kusini umepimwa ili jua la kiangazi, lililo juu, lisiingie, na la majira ya baridi, lililo chini, liingie hadi ndani. Gereji imewekwa karibu na barabara ili pasiwe na njia ndefu ya kufagia theluji. Huyu alikuwa mgeni aliyeandamwa na sifa ya kuwa adui wa mila, na bado aliwauliza wenyeji maswali ambayo wajenzi wengi wa kienyeji hawayaulizi tena.

Mpwa wangu hakuvutiwa sana na falsafa, alivutiwa na rangi. Alinieleza kwamba nyumba nyingi za mbao za zamani katika jimbo hilo zilianza kubambuka rangi baada ya wenye nyumba kujaza pamba ya kuzuia baridi ndani ya kuta. Kuta za kale zilikuwa na uwazi uliopitisha hewa, na unyevu wa ndani ulikauka wenyewe. Uwazi ule ulipojazwa, unyevu ukakwama nyuma ya mbao na kusukuma rangi kutoka ndani. Siku hizi mafundi wazuri hupigilia kwanza vipande vyembamba vya mbao juu ya karatasi ya kuzuia maji, kisha mbao za nje juu yake, ili hewa ipite katikati. “Mjomba,” alisema, “ubao ni uleule wa babu. Kilichobadilika kiko nyuma yake, na mteja hataki kukilipia kwa sababu hakionekani kwenye picha.”

Nikiwa hapo nilikumbuka kisa cha mwaka uleule wa 1938, ambapo gazeti la Life liliomba wasanifu wabuni nyumba kwa ajili ya familia za kipato tofauti, kila familia ipewe mchoro mmoja wa kimila na mmoja wa kisasa. Familia moja ya Minnesota ilipewa mchoro wa kisasa wa msanifu Frank Lloyd Wright na mwingine wa Royal Barry Wills, msanifu wa Boston aliyesifika kwa nyumba ndogo za mtindo wa Cape Cod, zenye paa kali na dohani. Walijenga ya Wills. Ya Wright ikajengwa baadaye kwa mtu mwingine huko Two Rivers, Wisconsin. Mnunuzi wa Kimarekani aliamua zamani sana kwamba anataka jokofu la kisasa chini ya paa la kale, na biashara ya nyumba imemsikiliza tangu hapo.

Kwa wanaokuja: nyumba hii haina usafiri wa umma mlangoni. Kituo cha treni cha Lincoln kipo, lakini hakiko karibu na nyumba. Ziara ni za saa maalumu na watu ni wachache kila kundi. Wekeni nafasi mapema.

Jumatatu: New Canaan

Niliondoka Lowell kabla ya mapambazuko, nikapanda treni ya masafa marefu Back Bay hadi Stamford, jimboni Connecticut, kisha treni ndogo ya tawi la New Canaan. Mti ulikuwa umeanguka kwenye reli usiku kutokana na upepo, tukasimama karibu saa nzima. Mwanamke aliyekuwa ameketi kando yangu, mwuguzi aliyekuwa akirudi kutoka zamu, alinigawia nusu ya mkate wake wa mayai bila kuniuliza kama nina njaa, na akapiga simu kwa niaba yangu kuomba nafasi yangu isogezwe mbele.

Jengo la kupokea wageni liko ng'ambo ya stesheni, na gari dogo huwapeleka hadi kwenye Nyumba ya Kioo ya msanifu Philip Johnson. Ilikamilika mwaka 1949: urefu futi 56, upana futi 32, nguzo za chuma zilizopakwa rangi nyeusi, na kuta zote nne za kioo. Johnson aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 2005. Ungedhani hapa hakuna mila hata chembe. Lakini sakafu ni ya matofali, na kitu pekee kinachogusa sakafu na kutoboa paa ni mnara wa duara wa matofali, wenye bafu upande mmoja na meko upande wa pili. Ni dohani ileile ya Dedham katikati ya nyumba, iliyovuliwa kuta. Johnson mwenyewe aliandika mwaka 1950 kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa kijiji cha mbao alichowahi kukiona kimeteketea, yakabaki misingi na dohani za matofali. Inafaa kujua kwamba mwaka 1939 alifuatana na jeshi la Ujerumani nchini Poland kama mwandishi, akiwa na huruma kwa Wanazi ambao Gropius alikuwa amewakimbia. Baada ya kulijua hilo, sikuweza kuutazama mnara ule kama pambo la busara tu.

Nilimwuliza mwongozaji kama meko hayo huwashwa. Alijibu kwamba nyumba hupata joto kutoka sakafuni, chini ya matofali. Kwa hiyo dohani ya Johnson ni kumbukumbu zaidi ya kuwa chombo, na nikaandika hivyo kwenye daftari pamoja na alama ya kuuliza.

Mjini hapo walikaa wasanifu kadhaa waliotoka Harvard, wanafunzi na wenzake Gropius. Eliot Noyes alijijengea mwaka 1955 nyumba yenye kuta mbili ndefu za mawe ya shambani, zenye milango mikubwa ya kuteleza kama ya ghala la nafaka, na kati yake uwanja wa wazi unaotenganisha vyumba vya kulala na sebule, hata theluji inapoanguka. Ni makazi ya watu, nami nilitosheka na picha. Mawe ni yaleyale ya kuta za msituni, lakini hapa yanabeba paa.

Chakula New Canaan ni ghali. Supu na mkate vilinigharimu dola 24 pamoja na bakshishi. Nunueni chakula Stamford.

Safari ya jioni hadi Philadelphia haikuwa na la kusimulia.

Jumanne: Chestnut Hill, Philadelphia

Nilipata kifungua kinywa kwenye gari la chakula cha halali karibu na stesheni ya 30th Street: wali, kuku na mchuzi mweupe kwa dola 10, kiasi cha kutosha watu wawili. Kisha nikapanda treni ya tawi la Chestnut Hill West. Nyumba za mtaa huo zimejengwa kwa jiwe la kijivu la bonde la Wissahickon, ambalo lina chembe za ulanga zinazometameta jua likiwaka, na kwa sababu jiwe ni moja, hata nyumba zilizopishana miaka mia huelewana.

Nyumba mbili nilizozifuata haziko wazi kwa wageni, na niliziangalia kutoka barabarani tu. Ya kwanza ni ile ambayo msanifu Robert Venturi alimjengea mama yake, Vanna, iliyokamilika mwaka 1964. Ukimwambia mtoto achore nyumba, atachora hii: pembetatu ya paa, mlango katikati, dohani juu, madirisha ya mraba. Venturi alichukua mchoro huo, akaipasua pembetatu katikati, akausogeza mlango halisi pembeni ndani ya uwazi, na juu yake akapiga tao jembamba la mbao lililogandishwa ukutani. Kushoto kuna dirisha la miraba minne na jingine dogo la mraba mmoja. Kulia, jikoni, miraba mitano imepangwa mstari mmoja kama dirisha refu la wana-Bauhaus. Mizani ya pande mbili inalingana kwa hesabu bila kulingana kwa sura. Ndani, kwa mujibu wa michoro iliyochapishwa, dohani na ngazi vinagombea nafasi moja katikati ya nyumba, na ngazi inabidi ipinde ili ipite.

Tao lile halibebi kitu. Kwa kipimo nilichokuwa nimejiwekea tangu Dedham, cha kuuliza kama kitu cha kale bado kinafanya kazi, lingeanguka mtihani. Nilisimama pale hadi mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa akaniuliza kama nimepotea. Nilimweleza, akasema amepita hapo miaka yote na hupenda kwamba tao hilo “halijifanyi”. Nadhani alilieleza vizuri kuliko mimi: ni wembamba wa vidole viwili, kila mtu anaona kwamba limebandikwa, na limewekwa hapo kusema “mlango uko hapa”. Kusema ni kazi.

Umbali mfupi kwa miguu iko nyumba ambayo msanifu Louis Kahn alimbunia muuza vitabu Margaret Esherick, ikakamilika mwaka 1961. Hii ndiyo ningeichukua kwenda nayo Morogoro kama ingebebeka. Kahn alitenganisha kazi mbili ambazo dirisha la kawaida huzichanganya. Kioo kikubwa kisichofunguka huleta mwanga; pembeni mwake, vibao vya mbao vilivyo ndani ya kina cha ukuta hufunguka kuleta hewa. Mtu aliyekulia Pwani hahitaji kufafanuliwa vibao hivyo. Kahn amevipa nafasi ndani ya ukuta, vikalindwa na mvua, na nyumba hubadilika sura kila mwenyeji anapovifungua au kuvifunga. Jiko la ndani lilichongwa na ami yake Margaret, mchonga mbao Wharton Esherick.

Ushauri: msivuke ua wala kupiga picha madirishani. Ni nyumba za watu.

Jumatano: Barabara ya magharibi

Kampuni ya kukodisha magari niliyoichagua ilikataa leseni yangu ya Tanzania bila kibali cha kimataifa, ingawa tovuti yao haikusema hivyo. Ya pili, hatua ishirini kutoka pale, ilikubali. Bebeni kibali hicho, kitawaokolea saa mbili. Barabara kuu ya kulipia ya Pennsylvania haipokei fedha taslimu: kamera hupiga picha namba ya gari, na kampuni ya gari hukukata baadaye pamoja na ada yake.

Nilitoka kwenye barabara hiyo katika wilaya ya Lancaster ili nione maghala ya wakulima wa asili ya Kijerumani. Hujengwa kwenye mteremko, hivyo mkokoteni wa majani huingia ghorofa ya juu kutokea kilimani, na mifugo hukaa chini katika kuta za mawe. Karibu nayo, katika shamba lililouzwa, palikuwa na mtaa mpya wa nyumba za mtindo ambao umetawala Marekani katika miaka kumi iliyopita: mbao nyeupe za wima, fremu nyeusi za madirisha, kipande cha paa la bati juu ya baraza, wote ukidai asili yake ni nyumba ya shamba. Mwuzaji alinikaribisha katika nyumba ya maonyesho, akanipa kahawa na biskuti ingawa nilimwambia wazi kwamba sinunui. Bei ilikuwa nusu milioni ya dola na ushee.

Nilipima kwa rula. Baraza ya mbele ilikuwa na kina cha futi nne: kiti kinatosha, miguu haitoshi. Vibao vya dirisha vilikuwa vya plastiki, vimefungwa ukutani kwa skrubu, na hata vingefunguliwa, viwili kwa pamoja vingefunika theluthi mbili tu ya dirisha. Vigawanyo vya vioo vilikuwa vijiti vilivyowekwa kati ya tabaka mbili za kioo. Dohani haikuwepo, meko ya gesi hutoa moshi wake kupitia bomba ukutani, na “jiwe” lake lilikuwa na unene wa kidole. Mlango wa kuteleza wa ghala ulikuwa mlango wa bafu, na haukufunga sawasawa. Pamoja na hayo, nyumba hiyo hupoteza joto kidogo kuliko nyumba yoyote niliyoitaja hapa, madirisha yake ni mazuri, na mama mwenye watoto watatu huwaona wote akiwa jikoni. Usasa wake ni wa kweli. Ukale wake ndio uliofanywa kwa haraka, na ndio unaopigwa picha na kufika Morogoro.

Nililala Somerset, katika hoteli ndogo ya kando ya barabara, dola 79. Kiamsha kinywa kilikuwa chapati za maji za Kimarekani na sharubati ya mti wa mepo inayotengenezwa wilaya hiyohiyo.

Alhamisi: Mill Run

Fallingwater, nyumba mashuhuri ya Wright iliyojengwa juu ya maporomoko ya maji, hufungwa Jumatano, ndiyo sababu nilipanga ratiba nzima kuizunguka siku hiyo. Tiketi ya ziara ya kawaida ni karibu dola 40 na hununuliwa kabla. Kuna tiketi nafuu ya kutembea nje tu. Mtandao wa simu hupotea maili kadhaa kabla ya kufika, kwa hiyo pakueni ramani.

Frank Lloyd Wright aliibuni mwaka 1935 kwa ajili ya Edgar Kaufmann, mwenye duka kubwa la Pittsburgh, na nyumba kuu ikajengwa mwaka 1936 na 1937 juu ya kijito cha Bear Run. Mwanawe aliikabidhi kwa shirika la hifadhi la Western Pennsylvania mwaka 1963, na mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya UNESCO pamoja na majengo mengine saba ya Wright. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mfanyakazi mmoja wa kujitolea alinikimbilia na mwavuli kabla sijauomba.

Kila mtu anajua sakafu za zege zilizotokeza juu ya maporomoko bila nguzo. Zilikuwa za kisasa kupita uwezo wa nondo zake: zililegea tangu mwanzo, na mwaka 2002 zilitiwa nyaya za chuma zilizokazwa kwa mvutano ili zisiendelee kushuka. Kilichosimama bila wasiwasi ni mawe. Yalichimbwa kwenye kiwanja hichohicho na kupangwa kwa tabaka zisizolingana, nyingine zikichomoza, jinsi jiwe lenyewe lilivyolala kwenye genge la kijito. Sakafu za mawe zimepakwa nta hadi zinang'aa, isipokuwa mbele ya meko, ambapo mwamba wa asili umeachwa mahali pake, bila nta, ukitokeza kupitia sakafu. Juu ya mwamba huo familia ilikuwa ikiketi kupunga upepo kabla ya nyumba kuwapo. Birika kubwa jekundu la mviringo limetundikwa ukutani, nalo huzungushwa hadi juu ya moto.

Nilichokwenda kukiona hasa ni sehemu ambapo kioo hukutana na jiwe. Hakuna fremu. Wright aliagiza mfereji mwembamba uchimbwe kwenye jiwe, kioo kikaingizwa humo, hivyo ukuta wa mawe unaendelea kutoka nje hadi ndani na jicho halipati mahali pa kusimama. Fundi aliyechimba mfereji ule alipaswa kulijua jiwe lake kama mwashi wa karne iliyopita, na mwenye kioo alipaswa kupima kila kipande peke yake. Nilipiga picha nyingi za kona hiyo moja.

Ijumaa: Acme, kisha Pittsburgh

Kabla ya kurudisha gari Pittsburgh nilipita Polymath Park, eneo la nyumba za kutembelewa huko Acme, mwendo wa chini ya saa moja kaskazini, ambako imehamishiwa nyumba ya Duncan. Wright aliibuni katika miaka ya 1950 kama nyumba ya kuunganishwa kutokana na sehemu zilizotengenezwa kiwandani. Ilisimama Lisle, Illinois, ikavunjwa vipande na kusimamishwa upya hapa Pennsylvania, ikafunguliwa mwaka 2007. Ina paa la chini lenye upenu mpana na meko ya mawe, na kuta zake zilifika kwa lori. Mtu anaweza kukodi nyumba nzima kwa usiku, na bei ikigawanywa kati ya watu sita hailemei sana. Mimi nilifanya ziara ya mchana, nikaruhusiwa kufungua kabati na kuchungulia maungio ya mbao za ukutani, jambo ambalo Fallingwater haliwezekani. Mkienda, ombeni mwongozaji awaonyeshe mstari ambapo kipande cha kiwandani hukutana na kazi ya mwashi. Uko nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna anayeutaja asipoulizwa.